Walinipima na Watu wa Mapokezi

Nilichofanyiwa ni hiki. Walichukua majibu yangu kuhusu huruma, wakayalinganisha na majibu ya watu wa mapokezi, wakaona nimeachwa mbali mno, wakatangaza ukumbini kwamba mimi ni mtu asiye na hisia. Kesho yake wakanitoa kwenye mlango niliousimamia tangu binti yangu anaanza shule hadi akaolewa. Mshahara wangu hawakuugusa, mtu asije akadhani nalilia tumbo. Walichochukua ni kingine.

Mlango wenyewe ni wa mochwari. Uko nyuma kabisa ya hospitali, ukishapita jiko na tangi la maji, mahali ambapo hata madaktari wakipita wanaongeza mwendo. Nje kuna benchi la saruji na bomba moja linalovuja. Ndani kuna chumba kidogo cha kutambulia watu, kitanda cha magurudumu katikati, kisha pazia, kisha yale majokofu. Kazi yangu ilikuwa kumfungulia ndugu anayekuja kutafuta mtu wake, kumwingiza, kumwonyesha, kumtoa. Ukiisema hivi inaonekana kazi ya kufungua na kufunga tu.

Nilianza kama mfagiaji. Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka mabati. Siku alipoanguka mgongo ukagoma, na mmoja wetu ilibidi atoke. Sikuwa na shule, nikapewa ufagio. Mlangoni alikuwepo mwanamke mwembamba tuliyemwita Bi Kimya. Siku moja mama mmoja alianguka kwenye korido, anapiga kelele, wafagiaji wenzangu wakamzunguka, wengine wanalia pamoja naye. Mimi niliondoa ndoo yangu njiani na kukausha maji pale alipokuwa anajigaragaza. Bi Kimya alikuwa ameniona.

"Wewe," akaniambia, "kesho njoo kwangu. Hao wengine watanilia pale nishindwe kufanya kazi."

Alinifundisha kwa maneno machache, kama jina lake. Ndugu akifika, alisema, anakusoma uso kabla hajataja anayemtafuta. Ukitabasamu, ataamini mtu wake yu hai. Ukikunja uso, umeshamwua kabla hajamwona. Kwa hiyo usoni pako pasiwe na kitu. Pale mlangoni hatusemi karibu. Hatuulizi habari za nyumbani. Hata pole hatusemi, mpaka shuka lifunuliwe na yeye mwenyewe atikise kichwa kwamba ndiye, maana huenda siye, na pole ikishatoka mdomoni huwezi kuirudisha.

Na kulikuwa na jambo la mkono. Mkono wa kulia wa marehemu huachwa nje ya shuka, kwa sababu watu hawaridhiki mpaka washike. Kabla sijafungua mlango, nilikuwa nachovya kitambaa kwenye maji ya moto, nakikamua, naufunika nacho ule mkono kwa muda. Mama akimshika mwanawe, ile baridi isimrukie ghafla. Hilo halikuandikwa popote. Bi Kimya alilipata kwa aliyemtangulia, nami nikalipata kwake. Alipostaafu hakuniaga. Aliniachia beseni.

Mtaalamu alikuja mwaka ule ambao hospitali ilianza kupaka rangi kila kitu. Kijana mtaratibu, viatu vyake havikuwa na vumbi hata sijui alikuwa anapita wapi. Walisema anapima akili ya hisia ya wafanyakazi wote, kuanzia mganga mkuu hadi sisi wa nyuma: nani anaelewa moyo wa mwenzake, nani anajizuia hasira, nani anafaa kukaa na watu. Mkuu wa utumishi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alituambia tusiogope. "Si mtihani," alisema. "Hakuna kufeli."

Sisi tusiosoma vizuri tulisomewa maswali. Mimi nilisomewa na binti wa mapokezi, msichana mwenye vishimo mashavuni, ambaye hata akikwambia daktari hayupo unaondoka umefurahi. Alikuwa ananiita Mama, na ananisomea polepole.

"Mama, hili hapa. Je, watu wakikutazama usoni wanaweza kujua unavyojisikia? Kila mara, mara nyingi, mara chache, au kamwe?"

"Kamwe," nikasema.

Akaniangalia. "Kamwe kabisa?"

"Andika kamwe, mwanangu. Nilifundishwa na mtu mzito."

"Haya. Je, huwapokea wageni kwa tabasamu na maneno ya uchangamfu?"

"Kamwe."

"Je, mtu akilia mbele yako, nawe hulengwalengwa na machozi?"

"Kamwe! Nikilia mimi, yeye atashikwa na nani?"

"Hapa hakuna pa kuandika hilo, Mama. Ni kuchagua tu."

"Basi weka kamwe."

Nilitoka pale nimenyooka mgongo. Nilikuwa nimejibu kama mtu anayeonyesha mikono yake misafi. Kila kamwe niliyoitoa ilikuwa na miaka ndani yake. Nikajiambia, leo angalau wataijua kazi yangu.

Matokeo yalisomwa ukumbini, sote tumekaa, wauguzi mbele, sisi nyuma karibu na mlango. Mtaalamu hakutaja majina. Alitaja kazi. Lakini wa mlango wa mochwari tulikuwa wawili tu: mimi, na mzee wa majokofu ambaye siku ya kupimwa alikuwa mgonjwa. Kwa hiyo aliposema, "Katika kundi la wanaokutana na wateja, mhudumu wa mlango wa mochwari yuko chini kuliko wote, ana ukavu wa hisia, haonyeshi kuguswa na wenzake," ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Nami uso wangu ukafanya kile ulichozoea. Haukuonyesha kitu. Nikamsikia muuguzi mmoja akinong'ona, "Si mnaona? Hata sasa!"

Kisha wakatoa vyeti kwa waliofanya vizuri. Wa kwanza kuitwa alikuwa mlinzi wa getini.

Mlinzi huyu tunamwita Filimbi, na ni jirani yangu nyumbani, ukuta kwa ukuta. Anampulizia filimbi kila mtu, mpaka wajawazito. Siku moja alimfokea mzee wa mkongojo kwa sababu alitembea taratibu mno kwenye njia ya magari. Leo Filimbi alipanda jukwaani, akapewa cheti cha akili ya hisia, akapigiwa makofi.

Niliwasubiri watu watoke, nikamfuata mtaalamu alipokuwa anakunja nyaya zake.

"Mwanangu, shikamoo unanipa au na hiyo nimeikosa?"

"Shikamoo, Mama." Alicheka kidogo, kwa wasiwasi.

"Marahaba. Niambie. Filimbi ana huruma kunishinda mimi?"

Hakunificha, hilo namshukuru. Aliniambia alama peke yake haisemi kitu. Ni kama urefu. Ukisema mtu ni mrefu, lazima useme mrefu kati ya akina nani, maana mtoto mrefu darasani kwao ni mfupi akisimama na askari. Kwa hiyo kila mtu hupimwa na kundi lake. Yeye alikuwa na makundi matatu: wanaokutana na wateja, walinzi na madereva, na watu wa ofisini. Alama za Filimbi zilikuwa chini ya zangu, akasema, lakini Filimbi alilinganishwa na walinzi wenzake, na walinzi wenzake ni wakali kuliko yeye.

"Na mimi?"

"Wewe nilikuweka na mapokezi, wahudumu wa wodi za kulipia, na wa dirisha la dawa."

"Kwa nini?"

"Nyinyi wa mochwari mpo wawili, Mama. Wawili hawatoshi kuwa kundi. Na kazi yako ni kupokea watu."

"Unawajua ninaowapokea?"

Aliendelea kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjika. "Ndugu," akasema.

"Na hao wa dirisha la dawa wanawapokea nani?"

Mkuu wa utumishi alikuwa anamwita chakula kinapoa.

Asubuhi niliambiwa nihamie chumba cha kufulia. Mkuu wa utumishi aliniambia kwa sauti ya kubembeleza, kama anaongea na mgonjwa. "Usichukulie vibaya, mama yangu. Tunakupeleka mahali ambapo hutasumbuliwa na watu." Mlangoni pangu akawekwa binti wa mapokezi, mwenye vishimo mashavuni, aliyeongoza kundi letu lote.

Chumba cha kufulia kina mashine mbili, moja mbovu, na mvuke unaokutoa jasho hadi kwenye kope. Mashuka yanakuja na madoa ya kila namna, yanarudi meupe, yanakuja tena. Wenzangu pale hawakuwa wabaya, ila walikuwa wameshasikia. Jina lilinitangulia: Gogo. Mwanzo walilisema nikiwa nimegeuka. Baadaye wakaona sigeuki nikiitwa, wakaacha kujificha.

Filimbi ndiye aliyelibeba hadi mtaani. Alikibandika cheti chake sebuleni juu ya redio, na kila jioni akiniona naanua nguo ananisemesha juu ya ukuta.

"Gogo, umeshindaje? Au hujisikii kitu?"

"Najisikia kukupiga na ndoo, Filimbi."

"Aaa! Hasira! Hiyo ni hisia, umeanza kupona. Mimi mwenye cheti nakwambia."

"Kampulizie mkeo filimbi, uniache."

"Halafu nilisikia wateja wako hawajawahi kulalamika hata mmoja," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Wakikupima na hao, utakuwa wa kwanza!"

Ungedhani ni mzaha wa jirani, ukaupuuza. Lakini ukuta ule una upande wa pili, na siku ile binti yangu alikuwa amekuja na mtoto.

Binti yangu ana mtoto mmoja, bado ananyonya. Alikuwa anakaribia kurudi kazini, kwenye duka la vitambaa anakoshona mapazia, na tulikuwa tumeshakubaliana kwamba mtoto atashinda kwangu siku ambazo sina zamu, na siku zangu za kazi atashinda kwa dada ya mumewe. Nilikuwa nimeshaosha kitanda cha kamba na kukianika. Aliposikia maneno ya Filimbi aliuliza, nami nikamweleza yote, nikijua atakasirika kwa ajili yangu.

Hakukasirika. Alimhamisha mtoto bega, akatazama chini.

"Mama, usinielewe vibaya."

"Sema."

"Baba alipokufa hukulia."

"Nani alikwambia sikulia?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa karibu yako. Watu wote wanalia, wewe unahesabu viti kama vinatosha. Nilijiuliza miaka yote hii kama ulimpenda. Sikuwa na neno la kusema. Sasa nimeona kumbe kuna neno."

Ningemwambia nini? Kwamba asubuhi ile mume wangu aliletwa mlangoni kwangu mwenyewe, nami ndiye niliyechovya kitambaa? Kwamba niliufunika mkono wake mpaka maji yakapoa, nikachovya tena, nikafunika tena, mpaka mzee wa majokofu akaniambia inatosha? Yeye aliona uso wangu, ambao hauna kitu, akajibiwa nao.

"Mtoto atashinda kwa wifi yangu siku zote," akasema. "Anahitaji mtu wa kumchekea."

Aliondoka kwa heshima. Alinikumbatia hata. Hilo ndilo liliniuma zaidi, kwa sababu alinikumbatia kama anamkumbatia mtu aliyeambiwa ana ugonjwa.

Nilikaza moyo nikaendelea kufua. Nini kingine?

Siku moja nikapeleka mashuka mochwari. Nilipofika kwenye bomba nilimwona mwanamume na mkewe wamesimama mbele ya mlango, mwanamume kashika kofia ya mtoto, kofia ya sufu yenye masikio. Mlango ukafunguka. Binti wa mapokezi akatokea, vishimo vile mashavuni, akasema kama alivyofundishwa na kama alivyozawadiwa:

"Karibuni sana! Niwasaidie nini?"

Nilimwona yule baba akiinuka ndani ya ngozi yake. Aligeuka kwa mkewe, akamshika mabega yote mawili. "Nilikwambia!" akasema. "Nilikwambia wamekosea! Angecheka hivyo?" Mkewe akaanza kucheka na kulia pamoja. Wakaingia ndani kwa haraka, kama watu wanaokwenda kumchukua mtoto wao shuleni.

Niliyaweka mashuka kwenye benchi. Sitasimulia nilichosikia. Nitasema tu kwamba mwanamume yule alipotoka alikuwa bado ameshika ile kofia, na hakuwa analia. Alimtazama yule binti, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mbona ulicheka?" Akamwuliza tena. Mkewe alikuwa chini sakafuni, anasugua viganja vyake kwenye nguo, kwa sababu alikuwa ameushika mkono na hakuna aliyeupasha moto.

Walipoondoka binti alinifuata kwenye benchi. Uso ulikuwa umemwanguka wote.

"Mama, nifanye nini na uso wangu?"

Nilitaka kumwambia aende akamwulize aliyempa cheti. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Lakini alikuwa mtoto wa watu, na hakujiweka pale mwenyewe. Nikamwonyesha beseni liliko, chini ya sinki, limejaa vumbi. Nikamwambia kuhusu kitambaa. Uso, nikamwambia, sijui kama unafundishika kwa siku moja.

Hakukaa tena. Aliomba arudishwe mapokezi, wakamrudisha. Baba yule alikuwa amelalamika kwa mkuu wa utumishi, na mtaalamu akaitwa. Mlangoni wakaweka kijana wa kampuni ya usafi, anayefungua na kufunga huku anasikiliza mpira kwenye simu. Sikuitwa mimi. Nilipokwenda kuuliza, mkuu wa utumishi alivua miwani yake ikaning'inia kwenye kamba.

"Mama yangu, ningekurudisha hata leo. Lakini ripoti inasema usikutane na watu. Likitokea jambo, wataniuliza mimi kwa nini nilipuuza ripoti."

Mtaalamu alinikuta mwenyewe, nje, naanika. Alipita katikati ya mashuka kama mtu anayetafuta njia kwenye nyumba yenye mapazia mengi. Viatu vyake safari hii vilikuwa na tope.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Alisema amekwenda hospitali nyingine, kubwa kwa ndogo, amewakusanya watu wa milango kama yangu, waosha maiti, waendesha magari ya kubebea maiti, wote akawauliza maswali yale yale. Safari hii walitosha kundi. Kisha akayachukua majibu yangu ya zamani, bila kubadili hata moja, akayaweka kati yao.

"Uko juu, Mama. Unawapita karibu wote. Karibu kila mmoja wao alijibu kamwe kama wewe, na wewe umejibu kwa uthabiti kuliko wao. Kundi nililokuweka halikuwa lako."

Nilikuwa nimeshika ncha mbili za shuka. Sikumbuki nilizifanyaje.

"Basi twende ukumbini," nikamwambia. "Waite wale wale. Sema hivyo hivyo ulivyosema sasa."

Akashusha macho. "Ripoti imeshafungwa, Mama. Nikisema kundi moja lilikosewa, watauliza na mengine. Vyeti vimetolewa. Hospitali nyingine zinasubiri kazi yangu." Kisha akasema neno ambalo nadhani alilileta kama zawadi. "Nimeona nije nikwambie wewe. Nilifikiri kujua kwako kungetosha."

"Mimi nilikuwa najua tangu mwanzo, mwanangu. Wasiojua ni wao."

Aliomba radhi, akaondoka kupitia mashuka yale yale.

Jumapili nilikwenda kwa binti yangu. Wifi yake alikuwa amempakata mtoto, anampigia miluzi, mtoto anacheka hadi kwikwi. Nikamwita binti pembeni, nikamweleza: mtaalamu mwenyewe amekuja, amekiri, nililinganishwa na watu wasio wangu, kati ya wenzangu niko juu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Alikwambia mbele ya nani?"

"Tulikuwa wawili."

"Ameandika popote?"

"Hapana."

Akanishika mkono, akaupapasa. "Sawa, Mama," akasema. Nilikuwa nimeijua sauti ile. Ni sauti niliyokuwa naitumia kwa watu waliong'ang'ania kwamba siye, kwamba jicho halikuwa hivyo, kwamba kovu lilikuwa upande mwingine. Hubishani nao. Unasubiri.

Kwa hiyo mambo yamebaki hivi. Mkuu wa utumishi namdai mlango. Hanidai uthibitisho, alishauona siku mwanamume yule alipofika ofisini kwake na kofia mkononi. Kijana wa mpira hanidai kitu wala simdai, hajui hata kwamba kuna beseni chini ya sinki. Binti yangu pia simdai. Yeye alipewa neno na watu wenye miwani na cheti, akalitumia, kama mtu yeyote angelitumia.

Ninayemdai zaidi ni mtaalamu. Deni hilo hata yeye analijua. Namdai asimame ukumbini, mahali pale pale alipokuwa amesimama, mbele ya wauguzi, watu wa dawa na Filimbi, na kwa sauti ile ile aseme kwamba mhudumu wa mlango wa mochwari alipimwa na watu wasio wake. Si lazima anisifu. Si lazima ataje cheti. Aseme hilo tu, na binti yangu awepo, amekaa mbele, mtoto mapajani.

Na asichelewe. Mtoto ameanza kuokota maneno. Juzi alimwita mbwa, akamwita baba yake. Filimbi bado yuko upande wa pili wa ukuta, na bado ananiita lile jina kila jioni.